Dairekta wa mwanzo akirudi, muvi iliyochoka inaweza kuinuka? (Terminator, Alien, Mad Max)

Kijana_wa_Makole
Wakuu heshima zenu. Juzi bandani huku Makole mechi ilipoisha mwenye banda akaweka Terminator: Dark Fate, zile muvi za mashine zinazotumwa kutoka kesho kuja kuua watu, hata nusu haijafika watu wakaanza kutoka mmoja mmoja, afu kuna broo akasema kwa sauti kwamba dawa ni moja tu, James Cameron aliyeongoza zile mbili za mwanzo arudi aongoze mwenyewe. Ubishi ukalipuka hapo hapo. Mi nimekulia kwenye ile ya pili ya 1991, kuna kile kipande adui wa chuma cha kuyeyuka anapita katikati ya nondo za mlango, mwili wote unapita afu bastola inagonga chuma inakwama kwasababu yenyewe haiyeyuki, anaigeuza kidogo ndo inapita. Kitu kidogo vile lakini unaamini kabisa kwamba lile dude lipo. Sasa zikaja ya 2003, 2009, 2015, 2019, kila moja na dairekta wake na kila moja naona inazidi kushuka. Nauliza kwa dhati, kuna mfano wowote wa mwenye kazi kurudi na kazi ikainuka kweli au tunajipa moyo na jina tu?

Mzee wa Kisasa
Kijana karibu. Kwanza huyo broo aelewe Cameron kwenye Dark Fate alikuwepo, alikuwa prodyuza na stori ana mkono wake, kiti cha dairekta ndo alikaa Tim Miller, na baadae wenyewe wakasema hadharani kwamba walivutana sana kwenye uhariri. Muvi ilitumia karibu dola milioni 190 ikarudisha kama 260 dunia nzima, na ukikumbuka majumba ya sinema nayo yanachukua fungu lao hapo ni hasara tupu. Kwahiyo jina kwenye bango halitoshi.

Ila mfano upo na ni mkubwa, George Miller na Mad Max. Alianza 1979, ya tatu akatoa 1985, afu kimya miaka 30 mpaka Fury Road 2015 akiwa na miaka 70, ikabeba Oscar 6. Jangwa lile asilimia kubwa ni Namibia, hapa hapa Afrika kwetu. Huyu mzee hakurudi kuchukua hela ya uzee, ile kitu aliihangaikia miaka na miaka inakwama, na kabla ya skripti ya kawaida alikua ameshaichora picha kwa picha, michoro elfu tatu na kitu. Afu angalieni kitu kimoja, kila tukio kaliweka katikati ya kioo, kamera ikikata kwenda picha nyingine jicho lako halihangaiki kutafuta nani yuko wapi. Ndo maana hata bandani ukisimama nyuma kabisa kwenye TV ndogo bado unafuata magari yote yale bila kupotea. Steringi kabadilisha, Mel Gibson hayupo yupo Tom Hardy, na nusu ya muvi kampa mwanamke Furiosa aibebe. Mwenye kazi halisi ndo anathubutu kufanya hivyo, mgeni angeogopa mashabiki.

Dada wa Flashi Majengo
Shikamoo mzee. Nakubaliana na wewe ila Alien, ile ya dude la anga za juu linalowinda watu melini, inakataa. Mi nawawekea watu muvi kwenye flashi huku Majengo kwahiyo naona wanachoomba. Ridley Scott alitengeneza ya kwanza 1979, ya pili 1986 akapewa mtu mwingine, Cameron huyo huyo, na wateja wangu wengi hiyo ya pili ndo wanaipenda zaidi. Kwahiyo mgeni alikuja akainyanyua! Baadae ikashuka shuka, Scott akarudi mwenyewe 2012 na Prometheus, hela ilipata zaidi ya milioni 400, lakini watu waliotaka lile dude la kutoka kifuani wakapewa maswali ya nani alimuumba binadamu. Mi binafsi niliipenda sana, inakufanya ufikirie. Tatizo 2017 kwenye Covenant akaogopa akarudisha dude, yale maswali akayaacha njiani, yule dada steringi wa Prometheus tunamkuta ameshakufa, iliniuma kweli. Ikaingiza kama 240 tu. Nani akaja kuokoa? Fede Álvarez wa Uruguay, Romulus ya 2024, bajeti milioni 80 ikarudisha kama 350, mzee Scott amekaa pembeni kama prodyuza. Vijana wachache, kituo kimoja chakavu cha angani, giza, na madude mengi ni ya kutengenezwa kwa mikono sio kompyuta tupu. Kwangu hiyo ndo dawa, mzee alinde roho ya kazi na kijana ashike kamera.

udom_mwaka_wa_tatu
Mi naona tunamuangalia dairekta tunaisahau stori yenyewe. Terminator ya pili iliisha. Kiwanda cha utafiti kimelipuliwa, ile chip na ule mkono wa mashine ya kwanza vimetupwa kwenye chuma cha moto, Arnold mwenyewe, ile mashine iliyokuja kulinda, kashushwa humo humo, na ujumbe mzima ni kwamba kesho haijaandikwa unaweza kuibadilisha. Sasa kila anayetaka kuendeleza lazima kwanza akwambie kwamba ule ushindi haukuwa ushindi, vita vilisogezwa mbele tu. Dark Fate ndo wakazidisha, dakika za mwanzo tu John Connor anauawa akiwa mtoto, yule anayelindwa ili aje aongoze watu dhidi ya mashine, tuliyehangaika nae muvi mbili nzima! Hapo hata umlete Cameron akae kwenye kamera mchana na usiku, mtu aliyelia 1991 unamwambia machozi yake yalikua bure. Mad Max haina shida hiyo kwasababu Max hana stori ya kuisha, ni mtu anapita jangwani anakutana na watu anaondoka. Matrix ndo ile ile ya Terminator, steringi wake Neo alishakufa na amani ikaja 2003, Lana Wachowski karudi 2021 mwenyewe kabisa na bado ikafeli sokoni.

Kijana_wa_Makole
Duh hapa nimepata shule, ahsanteni sana. Ila udom, Cameron mwenyewe ameshasema anawaza Terminator mpya bila wale wazee. Akiacha kabisa ukoo wa Connor, akabaki na hofu ya mashine tu, na sasa hivi hizi akili mnemba kila mtu anazo kwenye simu, huoni kuna stori hapo?

udom_mwaka_wa_tatu
Hapo naona, na ningeenda kuicheki siku ya kwanza. Mradi asirudishe mtu kutoka kesho kuja kumlinda mtoto, hiyo tumeshaiona. Wasiwasi wangu ni muda, zile muvi zake nyingine za Avatar zimemmeza.

Mzee wa Kisasa
Dada wa Flashi marahaba. Hoja yako ya kijana kushika kamera naikubali kwa Alien, ila kwa Terminator walishaijaribu 2019, mzee pembeni kijana mbele, na matokeo ndo hayo. Tofauti ni kwamba Álvarez alipewa kituo na giza akaambiwa atishe watu, Tim Miller alipewa Arnold na Linda Hamilton (mama wa John) wale wale wa zamani akatakiwa awaridhishe wote waliowapenda. Cameron akiandika na asipoongoza, basi ampe kijana stori isiyo na mzigo huo.