MJADALA: Kumbukizi ya Ngwair kwa kiingilio, tunaomboleza au tunafanya biashara?

Wadau wa Kusini, naomba hili tulijadili bila matusi.

Kuna vijana hapa Mtwara wanataka kuandaa kumbukizi ya mwanahiphop Albert Mangwea, maarufu kama Ngwair, na mlangoni watoze kiingilio. Wazee wamekuja juu: marehemu anaombewa dua, hapigiwi muziki. Vijana nao wanasema mwanahiphop anaombolezwa kwa mistari. Kwenye muziki niko na vijana. Kwenye kiingilio siko nao kabisa.

Ngwair alifariki Johannesburg tarehe 28 Mei 2013. Watu wa Dar walimuaga viwanja vya Leaders, akazikwa Morogoro tarehe 6 Juni. Wiki moja tu baada ya mazishi, tarehe 13, mwanahiphop mwenzake Langa Kileo naye akatutoka. Sasa kijana wa Mtwara mwenye uchungu wake angefanya nini? Nauli ya kufika Dar, kisha Moro, angeitoa wapi? Kilichokuwa karibu naye ni spika na nyimbo. Na marehemu mwenyewe alisifika kwa kuchana, yaani kurap, papo kwa papo, kwa hiyo vijana wakisimama duara wakachana kwa ajili yake, mimi sioni utovu wa adabu hapo. Wazee wana haki kwamba huku pwani jirani akifiwa unazima redio hata kama mlikuwa hamsalimiani. Lakini hiyo ni heshima ya nyumba yenye msiba, siku za msiba. Haimzuii mtu kumkumbuka msanii miaka kadhaa baadaye.

Tuje kwenye pesa, maana hapa ndipo ninapoumia.

Msibani kwetu kuna mtu anakaa mkekani pembeni ya turubai, daftari mapajani. Anaandika: fulani elfu mbili, fulani mchele kilo tatu, fulani ameahidi. Watu hawajatawanyika, daftari linasomwa kwa sauti, mfiwa anajua nani kaleta nini na kimebaki nini. Hata shilingi mia tano ya bibi inatajwa.

Kwenye kumbukizi ya kiingilio nani anasoma daftari? Wasanii wanapanda jukwaani, wengine wanalia kweli (sitaki kupima machozi ya mtu), fulana zenye sura ya marehemu zinauzwa, usiku unaisha, na mama yake au mtoto wake hajapigiwa hata simu. Hayo si maombolezo. Ni kuchuma kwenye kaburi la mtu.

Na si suala la utu peke yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi ya mtunzi uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake. Piga hesabu: tungo za Ngwair zinalindwa mpaka 2063. Zile ambazo hakumuuzia mtu, wenye haki nazo ni warithi. Ukizipiga mbele ya watu waliolipia mlangoni bila ridhaa yao, umetumia mali ya watu.

Kuna aliyenijibu kwamba jukwaa, spika na jenereta vina gharama. Sawa, ziandikwe. Gharama zitolewe hadharani, kinachobaki kitumwe kwa familia, na kiasi kitangazwe hapohapo jukwaani watu wakiwa bado wapo. Kama hilo haliwezekani, basi fanyeni bure, spika moja na duara la wachanaji linatosha.

Jambo jingine dogo: picha za marehemu akiwa jenezani zisitumike kwenye matangazo. Kuzitumia sitegemei kama kuna wa kukutetea.

Sasa waandaaji, naomba majibu. Familia ya Morogoro imeulizwa? Daftari atashika nani? Na nyie mnaosema kiingilio ni halali hata familia isipohusishwa, nielezeni hoja yenu inasimamia wapi. Wazee nao, mkiambiwa dua itatangulia kisha muziki ufuate, bado mtakataa?