Tupeane uzoefu: ni kitu gani kilifanya Kemia ikuingie?

Mwalimu wa Jioni, Temeke

Wakuu, habari za usiku. Nafundisha tuisheni ya sayansi, kidato cha kwanza mpaka cha nne. Vijana wanakwama palepale kila mwaka. Anakuandikia mpangilio wa elektroni, sodiamu 2:8:1 na klorini 2:8:7, bila kukosea, ila ukimuuliza kwa nini hizo mbili zinashikana, anakutazama tu. Anajua asidi inageuza karatasi ya litmasi ya bluu kuwa nyekundu, lakini ndimu ya jikoni kwao hajawahi kuihesabu kuwa ni asidi. Inaniuma, maana hawa watoto wana akili kabisa. Naomba mnisaidie: ulikiona nini, au ulikishika nini, somo likakaa? Visa vyenu nitaingia navyo darasani.

Dada wa Mbagala

Mwalimu, kwangu ni birika. Nyumbani tulitumia maji ya kisima, haya tunayoyaita maji ya chumvi. Sabuni haitoi povu, inagandaganda tu juu ya maji, na birika ndani lina ukoko mweupe usiotoka hata usugue vipi. Tukiwa kidato cha pili mwalimu akasema kila mmoja aangalie birika la kwao, mwenye ukoko alete kipande. Nikabandua kwa kijiko, nikafunga kwenye karatasi ya daftari. Darasani akakikamulia ndimu. Vikaanza kutoka vipovu vidogo vidogo, na ukisogeza sikio unasikia kinachacharika! Akatueleza kwamba ile ni kalisiamu kaboneti, jamii moja na mawe ya chokaa. Maji yakipita kwenye mawe hayo chini ya ardhi yanaibeba ikiwa imeyeyuka, ukiyachemsha inajitenga na kung'ang'ania chuma. Asidi ya ndimu ikiigusa inaivunja, na vile vipovu ni hewa ya ukaa. Sijasahau tena kwamba asidi na kaboneti vinatoa chumvi, maji na hewa ya ukaa. Na birika langu mpaka leo nalilaza na ndimu au siki, asubuhi naosha.

Mzee wa Ilala

Maabara yetu ilikuwepo, lakini na kufuli mlangoni. Ilifunguliwa mtihani ukikaribia. Elementi 20 za kwanza nilizikariri kama wimbo, nikafaulu, zikapotea. Nipo hapa nasoma kwa ajili ya mjukuu.

Fundi wa Gerezani

Shikamoo mzee wangu. Mimi Kemia nimeijulia gereji, shuleni niliiacha mapema. Betri ya gari ndani ina asidi ya salfa na maji. Fundi aliyenifundisha alinipa haidromita, kile kifaa kinachopima maji ya betri ni mazito mara ngapi kuliko maji ya kawaida, akasema nivute maji ya betri iliyojaa chaji, nisome, kisha ya betri iliyokufa. Iliyojaa ilisoma karibu 1.28, iliyokufa ikawa chini ya 1.2. Nikamuuliza asidi imekwenda wapi. Akanichorea sakafuni kwa chaki: betri ikitoa umeme, asidi inaungana na risasi ya kwenye plati, yanazaliwa maji, ndiyo maana inakuwa nyepesi. Ukiichaji, asidi inarudi. Hapo nikaelewa kwamba kwenye mabadiliko ya kikemia hakuna kinachopotea, vitu vinahama tu.

Mwalimu, waambie vijana jambo hili kwa msisitizo: ukichanganya, unamimina asidi kwenye maji, taratibu. Kamwe usimimine maji kwenye asidi kali, linatoka joto la ghafla na inakurukia usoni. Na kwenye ncha za betri ukiona unga mweupe au wa kijanibluu, nyunyiza magadi soda yenye maji kidogo. Itachemka kama soda iliyotikiswa, ikitulia ujue asidi imekwisha nguvu.

Madam wa Kinondoni

Mimi ni mwalimu. Mwaka mmoja tulikosa kabisa litmasi, nikatumia rozela, hii hii ya juisi. Unachemsha maua makavu, unachuja, unapata maji mekundu. Nilipanga vikombe vya plastiki juu ya dawati: cha kwanza ndimu, cha pili ukwaju, cha tatu maji ya bomba, cha nne magadi soda, cha tano maji ya jivu la mkaa yaliyochujwa. Wanafunzi wakatia rozela wenyewe. Kwenye ndimu na ukwaju nyekundu ikazidi kung'aa. Kwenye magadi ikageuka bluu iliyofifia, kwenye maji ya jivu ikawa kijani. Binti mmoja aliyekuwa hafungui mdomo akachukua kile cha kijani, akaanza kukidondoshea ndimu tone kwa tone mpaka wekundu ukarudi. Sikumwambia afanye hivyo. Alikuwa amefika mwenyewe kwenye kutengua besi, yaani kinyume cha asidi, kwa kutumia asidi, wiki mbili kabla sijaifundisha. Niliwaeleza pia kuwa hata litmasi inatokana na kuvumwani, yaani kuvu na mwani wanaoishi pamoja, kwa hiyo wasiidharau rozela.

Mtoto wa Ubungo

Mwalimu wa Jioni, kwenye lile swali la sodiamu na klorini jaribu glopu ya tochi. Betri nne za tochi, waya, na vile vijiti vyeusi vya kaboni unavyovitoa kwenye betri zilizokufa. Chovya vijiti kwenye maji ya sukari: giza. Chovya kwenye maji yenye chumvi nyingi: glopu inawaka, hata kama ni hafifu, na vipovu vinapanda kwenye vijiti. Fanyia nje au fungua madirisha, maana kijiti kimoja kinatoa klorini. Sasa ndiyo uulize kwa nini. Sodiamu ina elektroni moja ya nje, inaitoa. Klorini ina saba, inaipokea ifike nane. Moja inabaki na chaji chanya, nyingine hasi, ndiyo maana zinavutana, na kwenye maji zinaachana na kutembea. Sukari elektroni zake zinashirikiana ndani ya molekuli, hakuna chaji ya kutembea. Mimi niliona ile glopu, bondi zote mbili, ya kupeana elektroni na ya kushirikiana, zikaniingia siku moja.

Mhudumu wa Sinza

Naongeza la usalama. Nafanya usafi nyumba ya wageni. Mwenzangu alimwaga dawa ya choo yenye asidi, haikung'arisha, akaongeza ya kung'arisha nguo nyeupe. Chumba kikajaa harufu kali, akatoka anakohoa, macho yanamtoka machozi. Ilikuwa ni gesi ya klorini. Hili lifundishwe kila darasa.

Mwalimu wa Jioni, Temeke

Asanteni sana. La dada mhudumu linaingia kesho. Jumamosi tunaanza na rozela, kisha glopu. Swali: kidato cha nne wanahitaji kuzoea taitresheni, yaani kupima ni asidi kiasi gani inatengua besi, na sina bureti (lile bomba la vipimo la kudondoshea) hata moja. Mnafanyaje?

Madam wa Kinondoni

Nunua bomba la sindano la mililita 10 duka la dawa, bila sindano. Siki ndani ya bomba, mchanganyiko wa magadi soda kwenye glasi, rozela matone machache, karatasi nyeupe chini ya glasi waione rangi vizuri. Mwanzo wasukume kwa kasi, rangi ikianza kuyumba wahamie tone moja moja, wakitikisa. Wasome mililita, warudie mpaka majibu mawili yakaribiane. Wakikutana na bureti kwenye mtihani, mkono utakuwa umeshazoea.