Wauzaji wa Commodore 64 "zilizokaguliwa", acheni kutuuzia adapta zinazoua mashine!

Wakuu, nimekuja na hasira na sitaificha.

Nimenunua Commodore 64 kwa mtu anayejitangaza kuwa fundi wa kompyuta za zamani. Tangazo lake: imekaguliwa, imesafishwa, inafanya kazi asilimia mia, na inakuja na adapta yake ya asili. Hiyo adapta ya asili aliitaja kama sifa! Ndiyo iliyoiua.

Mwanzoni iliwaka safi, skrini ya buluu, ujumbe wake wa kawaida wa 38911 BASIC BYTES FREE, kila kitu mahali pake. Ilipopata joto, herufi zikaanza kuvurugika, kisha skrini ikawa nyeusi tii. Nikachomoa na kuweka mita kwenye plagi ya adapta. Laini ya volti 5 ilisoma zaidi ya 6 na nusu. Chipu zile zimeundwa kuvumilia 5 na robo!

Jambo hili si siri. Mashine ilitoka mwaka 1982, na adapta zake nyingi zina regileta (kidhibiti cha volti) iliyozikwa kwenye gundi ngumu, joto halina pa kutokea na huwezi hata kuifungua uitengeneze. Regileta hiyo ikichoka, mara nyingi haikati umeme. Inaachia volti zipande, na kwenye bodi hakuna kinga yoyote ya kuzizuia: zinaingia moja kwa moja kwenye RAM (kumbukumbu), PLA (chipu inayopanga ipi izungumze na prosesa lini), prosesa na nyinginezo. RAM ndiyo huanguka mapema, zile chipu nane za 4164 kwenye bodi za mwanzo. Mtu anayeuza mashine hizi kwa kujiita fundi anawezaje kutolijua hili? Na kama analijua, anawezaje kuifunga adapta hiyo kwenye boksi na kumtumia mteja?

Na asiniambie aliipima. Kupima adapta ikiwa baridi, haijabeba mzigo wowote, hakuthibitishi kitu. Iache ibebe mzigo, ipate moto, ndipo usome mita. Hata hivyo, ikisoma vizuri leo haimaanishi kesho itasoma vizuri. Muuzaji mwenye utu angeweka adapta mpya, au angalau kile kifaa kidogo cha katikati kinachokata umeme volti zikizidi. Vipo, na mafundi wote wa mashine hizi wanavijua.

Nikamrudishia. Jibu lake: "Vitu vya zamani huharibika vyenyewe." Akakubali kuitengeneza, na hapo ndipo uharibifu halisi ulipoanza. Kabadilisha kapasita (vipande vidogo vya kuhifadhi chaji) zote. Kapasita! Hii si kompyuta ya Amiga 600 wala 1200, ambazo kapasita zake huvuja na kuila bodi. Kwenye C64 ni nadra skrini nyeusi kusababishwa nazo, tena baada ya volti kupanda namna ile, mtu unaanzia RAM na PLA. Unagusa chipu moja moja uone ipi inaunguza kidole. Unachomeka katriji ya uchunguzi ya Dead Test, ambayo huifanya skrini iwakewake, na idadi ya mimweko inakuonyesha chipu ipi ya RAM imekufa. Hakufanya hata kimoja. Alibahatisha.

Akaing'oa PLA kwa nguvu risasi ya kulehemu ikiwa haijayeyuka vizuri, njia za shaba zikanyanyuka pamoja nayo. Bodi iliyodumu miaka zaidi ya arobaini imechanwa na mtu asiye na subira ya kusubiri pini ipate moto! Mashine imerudi bado nyeusi, na soketi ya SID, chipu ya sauti, iko tupu. Ilikuwa na 6581 yake ya asili, inaonekana wazi kwenye picha za tangazo lake mwenyewe. Eti aliitoa "isije ikaungua" akasahau kuirudisha. Chipu hiyo haitengenezwi tena na kila anayezikarabati anajua inavyotafutwa. Siwezi kuamini ni kusahau.

Ninachodai ni hiki: pesa yangu yote, SID yangu ileile, na tangazo lake libadilishwe leo, maana bado anauza nyingine tatu kwa maneno yaleyale na adapta zilezile kwenye picha. Kama wewe ni mmoja wa walionunua kwake, usiichomeke adapta kwenye mashine. Pima kwanza ile laini ya volti 5 adapta ikiwa imebeba mzigo na kupata moto, kisha uweke picha ya mita yako hapa chini tumwonyeshe.