Tupeane uzoefu: pancha kwenye tairi la bei mbaya, uliziba au ulinunua jipya?

Wakuu salaam. Juzi natoka Moro narudi Dar, nimeshaipita Chalinze, gari ikaanza kuvutia kushoto kidogo nikadhani ni barabara, kufika Mlandizi nikasimama ninywe maji nikaona tairi la nyuma kushoto limelala. Gari ni Impreza WRX, tairi 215/45R17 91W, nimezifunga mwezi wa nne mwaka huu zote nne kwa mpigo na hela ilinitoka kweli kweli. Nikainama nikatafuta, nikatema mate pale kwenye kichwa cha chuma, yakatoa mapovu. Skruu ya bati, ile yenye washa ya mpira, imezama yote, nadhani kuna fuso lilikuwa linamwaga mzigo njia nzima.

Fundi pancha wa barabarani akataka achomeke utambi (ile kamba ya mpira inayosukumwa tunduni kwa nje), elfu tano, dakika tano. Nikamwambia subiri, nikafunga spea nikaja taratibu mpaka mjini. Hapa duka la tairi wananiambia hilo halizibiki, nunua mawili, 380,000 moja. Sasa nani kati yao anataka kunila? Waliopitia hili leteni stori zenu, ila sio za kusikia kwa jirani.

---

Mimi nilikuwa na Crown Athlete, 225/45R18, nikapata msumari wa kawaida katikati kabisa ya tairi. Nikapigwa utambi nikasahau. Miezi minane nimetembea Dar–Dodoma na kurudi sijui mara ngapi, hamna shida, halafu likaanza kupungua upepo kidogo kidogo, kila jumatatu naongeza. Nikapuuza. Siku ya kulitoa kwenye rimu ndio nikaona, kwa ndani pale kwenye tundu nyaya zimeota kutu ya kahawia na mpira umevimba kama jipu. Maji yalikuwa yanapenya pembeni ya utambi muda wote huo. Utambi unakufikisha nyumbani, sio wa kukaa nao mwaka.

---

Wakuu mimi na Vitz yangu ya rimu 14 tunawasoma tu 😂 tairi moja la mkuu hapo juu ni seti yangu nzima ya mtumba

---

Niko Nairobi, Forester turbo. Yangu ilikuwa tofauti, tairi lilipasuka ubavuni kwa shimo, hiyo hata hakuna mjadala, ubavu hauzibwi. Makosa yalikuja baadaye. Nilienda Kirinyaga Road nikanunua moja tu mpya juu pesa ilikuwa kidogo, hizo zingine tatu zilikuwa zimebaki kashata kama milimita tatu hivi. Wiki chache tu gari ikaanza kujikaza nikikata kona kwa parking, kama mtu ameshikilia breki. Mekanika akapima mzunguko wa tairi moja moja na utepe wa fundi nguo, tofauti ilikuwa zaidi ya sentimita mbili. Subaru wenyewe wanataka zisipishane zaidi ya robo inchi. Tairi kubwa na ndogo zikizunguka pamoja kwa AWD (gari inayovuta magurudumu yote manne), ile difu ya katikati haipumziki, inapata moto hadi inakufa. Nililipia difu pesa ya kununua tairi nne na chenji ibaki. Kwa hivyo wewe mwenye WRX ukisikia “nunua moja” uliza kwanza zile zingine ziko milimita ngapi. Zako za miezi michache labda una bahati.

---

Naomba niseme mimi ambaye kazi yangu ndio hii, mwaka wa kumi na moja nashika tairi. Mteja akija swali langu la kwanza sio tundu liko wapi, ni ULITEMBEA NALO LIKIWA TUPU? Hapo ndio wengi wanadanganya, anasema nilisimama palepale, mimi natoa tairi nakuta ndani unga mweusi kama wa mkaa na mstari umezunguka ubavu mzima, hilo tairi limeshajisaga lenyewe, na hizi profaili 45 na 40 ubavu ni mfupi, kidogo tu rimu inaukalia. Hilo hata tundu liwe la sindano mimi sizibi, maana ukija kulikimbiza mia na arobaini linafumuka na wewe huna habari. Likiwa safi ndani naangalia tundu, likizidi milimita 6 siliwezi, likiwa begani pale kashata zinapoanza kuinama siliwezi, likiwa eneo la kukanyaga barabara tunafanya. Naparua ndani, napaka gundi naacha ikauke (wengi hapa ndio wanaharakisha), naweka kile kiraka chenye shina kama uyoga, shina linajaza njia ya msumari na kofia inafunga kwa ndani, kisha balansi. Mtu anayeziba bila kulitoa tairi kwenye rimu hajaliona tairi, amebahatisha tu.

Na hiyo W kwenye 91W yako ni spidi ya mwisho ya tairi, 270 kwa saa. Limezibwa vizuri linakaa, ila mimi wateja wa mbio nawaambia lipeleke nyuma na usilijaribu.

---

Nipo Reading, Uingereza. Huku BMW yangu ina tairi za rani-flati (zile zenye ubavu mgumu, unatembea nazo hata upepo ukiisha), niliendesha kama kilomita 40 taa ya upepo inawaka nikijua ndio kazi yake. Nilipofika wakakataa kabisa kuziba, tundu lilikuwa katikati, dogo. Sababu yao ni hiyo hiyo ya fundi hapo juu, ubavu ule ni mgumu, hauoneshi kama umechoka. Nilikasirika siku ile, ila sikuwa na jibu. Kwa matairi ya kawaida standadi yao inaruhusu robo tatu ya katikati ya sehemu inayokanyaga, pembeni hapana.

---

Mwenye uzi nimerudi. Nimempata fundi mwingine, katoa tairi mbele yangu. Tumepima, skruu iko sentimita sita kutoka ukingoni, tundu kama milimita nne, ndani hamna unga wala mstari. Uyoga, balansi, jumla 25,000. Leo siku ya tano, asubuhi zote napima na geji yangu, ipo 33 PSI haijashuka.

Lile duka nilirudi pia, niwaone hizo “mpya” zao. Nikasoma namba nne za mwisho kwenye DOT, ile kodi ya ubavuni inayoonesha tairi limetengenezwa lini: 1418. Wiki ya 14, mwaka 2018. Nikashukuru nikatoka.

Halafu kuna aibu moja sijawaambia. Ile spea niliyofunga Mlandizi ni ile nyembamba ya dharura, imeandikwa kabisa 60 PSI na mwisho 80 kwa saa. Nimeipima jana kabla ya kuirudisha kwenye buti. Ilikuwa na 19.