Motivesheni za asubuhi jioni zishaisha, naombeni ushauri
Wapendwa salamu, niko hapa Likoni, Mombasa. Nilikuwa utingo wa lori, mizigo ilipoanza kwenda na treni ya SGR 2018 kazi ikapungua pole pole mpaka tajiri akauza gari, sasa nauza viazi karai karibu na feri. Kila alfajiri naskiza klipu za motivesheni natoka nikijiambia leo ni leo, basi ikifika saa kumi sinia bado limejaa, mafuta yashapoa, ukwaju nusu ndoo, ile nguvu yote kwisha. Mke wangu hunambia niwache simu nipige hesabu (labda ana haki). Nyinyi mlioanguka mkainuka, siku kama hizo mlikuwa mwajipa moyo vipi? Na msinambie nisali tu, nasali.