Dada karudi Omani hayuko sawa, na nyumbani tuna harusi. Naomba ushauri

Kijana_wa_Konde:
Assalaam alaykum wadau. Mie mtu wa Pemba, kaskazini. Nna dada yangu mkubwa, tumbo moja, alikwenda Omani kufanya kazi za ndani. Mkataba umekwisha karudi, lakini si yule tuliyemsindikiza bandarini. Halali. Usiku wa manane utamsikia anapiga deki ukumbini, akimaliza anaanza upya, na katikati ya kazi anaitika "naam mama" na hapana aliyemwita. Mara nyengine hutoka akaenda zake pwani peke yake.

Harusi ya mdogo wetu imekaribia, na wageni wanatoka Unguja. Anayemjua mganga wa uhakika anielekeze, maana huyu tuliyeanza naye naona anatuzungusha. Na je, dawa ya mganga ikichanganywa na ya hospitali ina madhara? Matusi sitaki, yaliyonifika yanatosha.

Pweza_wa_Nungwi:
Mpemba anaulizia mganga mtandaoni! Yakhe, bara nzima inapanda boti kuja kwenu kuwatafuta, wewe unatuuliza sisi?

Abu_Swafiya:
Wa alaykum salaam. Kaka, tatizo limeanzia pale mlipomruhusu mwanamke kusafiri bila ya maharimu. Nyumba za watu zina mambo yake. Someni Baqara humo ndani, mtafuteni shehe amsomee, na hao wa mizimu na mbuzi mweusi achaneni nao, hio ni shirki.

Bi_Mwani:
Shehe Abu Swafiya, heshima yako iko pale pale, lakini huyo maharimu angelipa ada ya skuli ya wanangu? Mie nlikuwa nalima mwani. Bahari siku hizi ikipata joto mwani unafanya ugonjwa, unakuwa mweupe, unakatika, unarudi nyumbani na kamba tupu. Na ukiupata, bei ya kilo moja haikununulii hata kilo ya mchele. Ndo nikaenda huko Uarabuni.

Pasi yangu ikakaa kwenye droo ya mama mwenye nyumba. Simu naipewa Ijumaa. Nlilala stoo, kando ya mashine ya kufulia, na kengele ya jikoni ikilia usiku nainuka, mgeni kaja anataka gahawa. Nimerudi, kwa muda mrefu kengele ile naisikia, na huku kwetu kengele hatuna. Watu walionijia kunipa pole walianza kuangalia begi. Kwa hiyo wewe kijana, kabla ya mganga, dada yako umeshakaa naye chini ukamuuliza huko aliishije?

Mgogo_Halisi:
Poleni mkuu. Sisi Dodoma tuna Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, tumeshazoea. Baba yangu mdogo alilazwa pale, akatoka, akaoa, sasa hivi ana mashine ya kukoboa mahindi. Kijiji kizima kilimwita majina mpaka alipoanza kuwakopesha. Tangu hapo ni "mzee wetu".

Msomi_Mbweni:
Niongeze takwimu. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2022, kwa hesabu za mwaka 2019 mtu 1 katika kila 8 duniani alikuwa akiishi na tatizo la afya ya akili. Umasikini, unyanyasaji kazini na kuwa mbali na familia ni miongoni mwa vichochezi vikubwa.

Pweza_wa_Nungwi:
Ahsante profesa. Sasa huyo mmoja wa Konde afanywe nini?

Nesi_Mstaafu:
Kijana, umeuliza kuchanganya na dawa "ya hospitali". Dawa gani hio? Kapewa na nani, lini?

Kijana_wa_Konde:
Ni za zamani kidogo, si suala kubwa. Mie nauliza mganga.

Nesi_Mstaafu:
Mwanangu, ukitaka nikujibu, nijibu kwanza.

Kijana_wa_Konde:
Haya. Aliporudi mwanzo tulimpeleka Unguja, Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili. Alilazwa, akatoka, akawa anachomwa sindano ya kila mwezi na vidonge vyeupe. Sikatai, alitulia. Alikuwa anapika, anasuka ukili, anacheka na watoto. Lakini shingo ikawa inampinda, mate yanamtoka, anatembea kama ubao. Bi mkubwa akasema huku si kupona. Halafu ikaja posa ya mdogo wetu. Khalati wa bwana harusi anakaa mtaa ule ule wa karibu na hospitali. Mnajua mambo ya kwetu, mtu mmoja akiiona familia inatoka pale, posa inarudi. Na nauli ya boti ya watu wawili kwenda na kurudi kila mwezi si mchezo. Tukasimamisha. Na hakuharibika pale pale, kakaa vizuri tu, kwa hiyo siamini kwamba ni dawa.

Nesi_Mstaafu:
Ahsante, sasa tunazungumza. Sindano zile hubaki mwilini wiki kadhaa, ndo maana mliacha mkaona hapana kitu. Ilipokwisha mwilini ndo mambo yakarudi. Shingo kupinda na mate ni dawa, kweli, na hilo nalo lina dawa yake. Kuna vidonge vinaitwa benzhexol, au daktari hupunguza kipimo, au hubadilisha. Mngerudi mkasema, yangeishia hapo. Kombe la zafarani na kisomo havigombani na sindano, someni mpaka mchoke. Ninachokiogopa ni miti ya kuchemsha isiyojulikana, mafusho, na kumlaza mtu njaa.

Sasa niambie, hivi leo yuko wapi?

Kijana_wa_Konde:
Yuko nyumbani.

Nesi_Mstaafu:
Nyumbani wapi? Anatoka?

Kijana_wa_Konde:
Yuko chumba cha uani. Mlango tunautia kufuli. Kabla hamjaanza: ni kwa usalama wake, pwani kuna maji makuu, na usiku mie niko kazini. Chakula anapata. Dirisha lina nondo, sahani inapita ubavu. Hataki kula mpaka amwone aliyepika akionja. Ni mpaka harusi ipite tu. Na mganga tumeshampa nusu ya ada, siwezi kumwambia arudishe.

Bi_Mwani:
Hasbiyallah. Katoka kufungiwa na watu, kaja kufungiwa na nduguze.

Abu_Swafiya:
Hapa naungana na Bi Mwani. Mtume (SAW) katuamrisha tujitibu. Misri tangu miaka ya 1280, hospitali aliyoijenga Sultani Qalawun ilikuwa na sehemu yao maalumu wagonjwa wa akili. Sisi leo kufuli?

Jicho_la_Tatu:
Jamani mnamwaga machozi kwenye chai. Angalieni: akaunti imefunguliwa leo asubuhi. Nauli ya boti hana, ada ya mganga anayo. Mwanzo dada kaumwa tu, mara kalazwa, mara kachomwa sindano, mara kufuli. Kila akiulizwa linatoka jipya. Bado namba ya kuchangia, subirini.

Mchukuzi_Mkoani:
Na mie nilianza kushuku. Mpemba gani anaandika hivi? Hebu nimpime. Ewe wa Konde, makonyo ya karafuu ukishachambua yanakwenda wapi?

Pweza_wa_Nungwi:
Muulize na bei ya pishi kuchuma 😂

Binti_Darajani:
Nyinyi wanaume hamna haya. Mtu kasema kuna mwanamke yuko nyuma ya nondo, nyinyi mnafanya mtihani wa karafuu.

Mchukuzi_Mkoani:
Binti Darajani, nyinyi wa mjini mnatapeliwa kila siku kwa huruma hizo hizo.

Kijana_wa_Konde:
Makonyo tunayauza, yanakwenda Wawi kwenye kiwanda cha mafuta. Umeridhika, au nikueleze na majamvi tunavyoyakunja mvua ikinyesha? Akaunti nimefungua leo kwa sababu ile ya zamani anaijua shemeji mtarajiwa. Na mganga anakubali kulipwa kidogo kidogo, boti haikubali. Hilo hamkulifikiria.

Jicho_la_Tatu:
Hilo la boti nimelikubali. Mengine bado.

Bi_Mwani:
Mie sina haja ya makonyo. Pesa alizokuwa akituma ziko wapi?

Kijana_wa_Konde:
Zimeezeka nyumba bati. Na bodaboda ninayoendesha. Mwenyewe ndiye aliyeniambia ninunue, ujumbe wake wa sauti ninao mpaka leo. Sasa niiuze? Tutakula nini?

Nesi_Mstaafu:
Hapana aliyekwambia uiuze. Mpakie. Si lazima uanzie Unguja. Nenda hospitali ya karibu nawe hapo hapo Pemba, uliza mhudumu wa afya ya akili na siku yake ya kliniki. Chukua kadi yake ya Kidongo Chekundu na makopo ya vidonge hata kama ni matupu, wapate kujua alikuwa akitumia nini. Waeleze na dawa za huyo mganga, usione haya. Akikataa kupanda, usimfunge kamba, mwite mtu anayemwamini. Na Bi Mwani, kama unaweza, zungumza naye kwa simu. Wewe atakusikiliza.

Bi_Mwani:
Nitampigia hata leo. Kijana, nitumie namba kwa ujumbe wa siri, usiiweke hapa.

Kijana_wa_Konde:
Nimewasikia. Baada ya harusi in sha Allah nitampeleka.

Nesi_Mstaafu:
Kwa nini si kabla? Harusini atakuwa ametulia, amekaa na wenzake. Au mnataka wageni wamsikie akigonga mlango?

Kijana_wa_Konde:
Ufunguo anao bi mkubwa. Lazima nizungumze naye kwanza, na mjomba, yeye ndiye aliyemleta mganga. Namba nimeituma.

Mchukuzi_Mkoani:
Yakhe, samahani kwa lile la makonyo. Mie niko bandarini siku za boti. Ikibidi mje Unguja, nitafute, nitawatafutia pa kukaa pasipo na macho ya watu.

Jicho_la_Tatu:
Mie nasubiri mrejesho. Uzi wa namna hii huwa haurudi.

Nesi_Mstaafu:
Kwa wengine wanaosoma kimya kimya: Unguja nako si lazima mtu afike mjini. Kivunge na Makunduchi kuna kliniki za afya ya akili.

Mgeni_Mkokotoni:
Samahani kuingilia uzi wa mtu. Hio ya Kivunge, lazima nende na mgonjwa mwenyewe, au naweza kwenda mie kwanza nikaeleza? Hajui kama nauliza.