Namba naiona kwa macho ila grep inasema haipo, msaada wakuu

kijana_wa_vipuri: Wakuu heshima zenu. Nina folda ya mauzo ya duka la mjomba, mafaili ya teksti kama 400 hivi, mteja anadai kamaliza kulipa awamu nne za injini na kitabu cha risiti kililowa mvua ndo nimepewa kazi ya kuzitafuta. Akaunti yake ni 20714. Naandika `grep 20714 *` (grep ni amri ya kutafuta maneno ndani ya mafaili) inanirudisha kimya, haijasema hata samahani. Ila nikifungua faili la Machi kwa mkono hii hapa, 20714, naiona! Nimefungua moja moja tangu asubuhi nimefika la 60 macho yanawaka. Natumia Ubuntu (Linux), mafaili yametoka kwenye Windows ya dukani.

mzee_wa_tamino: Hiyo nyota haiingii kwenye folda za ndani mdogo wangu. Piga `grep -rn 20714 .` usisahau hiyo nukta mwisho. `-r` inazama mpaka chini, `-n` inakupa namba ya mstari.

kijana_wa_vipuri: Nimepiga mkuu, imeleta mstari mmoja wa mwaka huu. Ya zamani bado kimya.

dodo_bichi: si ufungue Excel tu jamani mnajitesa

binti_linux: Kaka andika `file machi.txt`, inaonyesha faili ni la aina gani, utuambie inasemaje.

kijana_wa_vipuri: Inasema UTF-16, little-endian, na maneno mengine mbele.

binti_linux: Basi hapo hapo. UTF-16 ni namna ya kuhifadhi maandishi, faili la hivyo kila tarakimu inakaa baiti mbili, yaani 2 halafu baiti tupu, 0 halafu baiti tupu, sasa grep inatafuta 2 na 0 zilizogusana na humo hazigusani popote. Programu unayofungulia faili inalijua hilo ndo maana wewe unaona sawa. PowerShell ya zamani (dirisha la amri la Windows) ukimwaga matokeo kwenye faili kwa alama ya `>` inaandika hivyo, nadhani aliyekuwa anatoa ripoti dukani alifanya hivyo. Yahamishe ya zamani folda yake peke yake, ingia humo, halafu uyageuze kuwa UTF-8, ambayo grep inaisoma, kwa iconv:

`mkdir safi; for f in *.txt; do iconv -f UTF-16 -t UTF-8 "$f" > safi/"$f"; done`

Usithubutu kuelekeza kwenye jina lile lile, faili linafutwa kabla halijasomwa. Mimi nilishalia kwa hilo.

mzee_wa_tamino: Duh hiyo ya UTF-16 imenipita, shikamoo dada 😂

panya_buku: Au asibadilishe kitu, aweke ripgrep, programu nyingine ya kutafuta kama grep: `sudo apt install ripgrep` halafu `rg 20714`. Ikikuta alama ya UTF-16 mwanzo wa faili inasoma yenyewe. Ila mafaili yaliyofichwa inayaruka mpaka uongeze `--hidden`.

kijana_wa_vipuri: Wakuu rg imemaliza kabla sijanyanyua kidole!! Nikafanya na iconv ya dada kuhakikisha, majibu yaleyale. Ila awamu zimetoka tatu, ya nne haipo hata kwa `--hidden`. Ngoja nimpigie mjomba.